Ofensi ya Indiana msimu huu: tuangalie laini kwanza

(Haya niliongea mbele ya Waswahili wa hapa Bloomington mwezi wa Agosti 2025, kabla msimu haujaanza, na mambo yote ni ya wakati ule. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa niongee kuhusu timu ya chuo, timu ya mpira wa Kimarekani ya Indiana University, maana msimu unaanza tarehe 30 Agosti na kila mtu hapa mjini, kazini, kanisani, msikitini, ukipanga foleni dukani, anauliza swali moja tu, je mwaka huu tena? Na nimeambiwa nisiongee na wale wanaojua peke yao, maana kuna ndugu zetu hapa wamefika juzi kutoka Burundi na Congo, kuna wanafunzi wametoka Dar na Nairobi, wanaona mji mzima umevaa nyekundu siku ya Jumamosi hawaelewi kuna nini. Na wapo vijana wa Kimarekani huko nyuma wanaosoma Kiswahili hapa chuoni, karibuni sana, leo mtasikia mpira wenu kwa lugha yetu.

Kwa wageni niseme sheria moja tu, hiyo inatosha kabisa kufuata ninachosema leo. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukisogea unapewa mengine 4, usiposogea mpira unakwenda kwa mwenzio. Ukifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, afu unapiga teke la nyongeza pointi 1. Ukikwama karibu na goli unaweza kupiga teke lipite katikati ya nguzo, unapata 3. Basi. Ofensi ni wale wenye mpira, difensi ni wale wanaozuia, na watu wa ofensi na difensi ni tofauti kabisa, hawachezi wote wakati mmoja.

Sasa tuanze. Wenyeji wa zamani wa hapa wanajua Indiana ilikuwa ni timu ya namna gani. Mpaka sasa, Agosti 2025, hii ndo timu iliyofungwa mechi nyingi kuliko timu nyingine yoyote kubwa ya chuo Marekani, zaidi ya 700. Mara ya mwisho kushinda mechi ya boli, zile za mwisho wa mwaka, ilikuwa 1991, walipomfunga Baylor 24-0. Boli ya Rose Bowl mpaka sasa wamekwenda mara moja tu, Januari 1968, wakafungwa na USC 14-3. Hapa watu walikuwa wanakuja uwanjani kula nyama choma kwenye paking, mapumziko wanarudi nyumbani, na si utani, wenyewe mmeona. Hapa mji ni wa basketiboli, futiboli ilikuwa kitu cha kungojea basketiboli ianze.

2023 timu ilishinda 3 ikafungwa 9, ikawa inafunga wastani wa pointi 22.2 kwa mechi. Kocha akaondolewa, akaletwa Curt Cignetti kutoka James Madison, chuo cha Virginia ambacho hapa wengi walikuwa hawajakisikia. Mzee huyu aliwahi kuwa msaidizi wa kocha maarufu Nick Saban kule chuo cha Alabama, kuanzia 2007 mpaka 2010, akifundisha marisiva, wale wanaodaka pasi, na kusimamia usajili wa vijana, afu akaacha kazi hiyo nzuri akaenda kuwa kocha mkuu kwenye chuo kidogo Pennsylvania, akapanda pole pole, na kote alikopita hajawahi kumaliza msimu akiwa amefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Desemba 2023 mwandishi akamuuliza utawashawishi vipi vijana waje Indiana, akajibu, mimi nashinda, nitafute Google. Watu wengi walimwona mtu wa majivuno. Waandishi wa ligi ya Big Ten kabla ya msimu wakatabiri Indiana itakuwa ya 17 kati ya timu 18.

Mnajua kilichotokea. Ushindi 11, vipigo 2. Kabla ya hapo rekodi ya chuo ilikuwa ushindi 9, mwaka 1945 na mwaka 1967. Ofensi ikatoka pointi 22.2 ikafika 41.3 kwa mechi. Western Illinois walikula 77, Nebraska 56, Purdue, jirani zetu hawa tunaogombea nao ndoo ya mbao kila mwaka, ndo kombe lenyewe, walikula 66 na wao hawakupata kitu. Michigan State walitangulia 10-0 nyumbani kwao, Indiana ikafunga 47 mfululizo. Timu ikaingia pleiofu ya timu 12, ule mchujo wa kumpata bingwa wa taifa, kitu ambacho ukikisema mtu 2023 angekupima homa.

Kwa hiyo ofensi iliboreka, hilo hakuna anayebisha. Ninachotaka kusema mimi leo, na ndicho kitu kimoja tu nilichokuja nacho, ni kwamba ile namba 41.3 inatudanganya kidogo, na ukitaka kujua msimu huu utakuwaje usiiangalie hiyo namba na usimwangalie kwotabeki, yule anayepokea mpira na kurusha pasi, angalia wale watu watano wanene wa mbele. Laini. Nawaomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Tuchukue mechi mbili za kipigo. Ya kwanza tarehe 23 Novemba 2024, Columbus, dhidi ya Ohio State. Indiana walianza vizuri sana, wakapata mpira wakasogea mpaka mwisho wakafunga, 7-0, uwanja mzima kimya. Baada ya hapo basi. Kwotabeki Kurtis Rourke alirusha pasi 18 zikakamatwa 8 tu, yadi 68, na akaangushwa na mpira mkononi mara 5. Ofensi iliyokuwa inamla kila mtu ikatoka na yadi 151 mechi nzima. Ikaisha 38-15. Ndio, kulikuwa na makosa mengine, mpigaji wa teke alishindwa kudaka mpira karibu na goli letu, afu Caleb Downs wa Ohio State akarudisha teke jingine mpaka mwisho, hayo yaliumiza kweli, lakini hata ukiyatoa hayo bado ofensi haikusogea.

Ya pili tarehe 20 Desemba, South Bend, pleiofu, Notre Dame. Indiana walifika karibu kabisa na goli mapema, Rourke akarusha, Xavier Watts wa Notre Dame akaikamata karibu na mstari wao, na mchezo uliofuata mwenzake Jeremiyah Love akakimbia yadi 98. Yadi tisini na nane jamani! Uwanja mzima huo. Ilifika 27-3, zile tachidauni mbili tulizopata zilikuja dakika za mwisho kabisa watu wameshaanza kutoka. 27-17 ukiisoma kwenye simu unadhani ilikuwa mechi ya kukimbizana, haikuwa hivyo.

Na kuna ya tatu ambayo watu wameisahau kwa sababu tulishinda, ile ya Michigan hapa nyumbani tarehe 9 Novemba. Mapumziko tunaongoza 17-3, kipindi cha pili tukapata pointi 3 tu, tukashinda 20-15 huku tumeshika roho mkononi. Michigan walikuwa na watu wa mbele wa difensi ambao ni wa kiwango cha NFL, ile ligi ya kulipwa, wakakaa ndani ya nyumba yetu kipindi kizima.

Mechi tatu hizo, ugonjwa mmoja. Timu ikikutana na difensi yenye watu wa mbele wakubwa na wepesi, laini yetu inasukumwa, kwotabeki hana muda, na ule ujanja wote wa kocha unakufa.

Hebu nieleze ujanja wenyewe, maana ni mtamu na ukiujua utaangalia mechi kwa macho mengine. Mratibu wa ofensi ni Mike Shanahan, alikuja na Cignetti kutoka James Madison. Mchezo wanaoupenda ni huu: kwotabeki anapokea mpira, anaweka tumboni kwa ranibeki, yule wa kukimbia na mpira, kana kwamba anampa, lakini haachii. Macho yake yako kwa lainbeka mmoja wa wapinzani, yule wa katikati nyuma ya wale wanene. Lainbeka akisogea mbele kumzuia ranibeki, kwotabeki anauchomoa mpira na kumrushia risiva anayekatiza ndani, pale pale alipotoka lainbeka. Lainbeka akibaki nyuma kulinda pasi, anamwachia ranibeki anakwenda zake yadi 5, 6. Yani wewe lainbeka utakavyofanya ni makosa. Na yote haya yanatokea ndani ya sekunde moja na kitu. Sasa ili ujanja huu ufanye kazi laini lazima isimame hiyo sekunde moja na kitu. Mtu akipenya katikati kabla mpira haujakaa tumboni kwa ranibeki, hakuna cha kusoma lainbeka wala nini, kwotabeki anajikunja chini. Columbus ndicho kilichotokea, tena na tena.

Na tumtendee haki Rourke. Huyu kijana wa Canada alicheza msimu mzima kano ya goti imechanika, sisi hatukujua, ikaja kusemwa baada ya msimu. Juu ya hapo Oktoba akafanyiwa upasuaji wa kidole gumba, akakosa mechi moja tu, ya Washington. Na bado akamaliza na pasi za tachidauni 29, yadi 3,042, na pasi alizopokonywa na wapinzani ni 5 tu. Yule kijana alitupa kila kitu alichokuwa nacho, na mimi kila nikisikia mtu anasema alichemka kwenye mechi kubwa naumia kwa kweli. San Francisco 49ers, timu ya NFL, walimchukua raundi ya 7 ya kuchagua vijana wa vyuo.

Sasa tuje mwaka huu. Kwotabeki mpya ni Fernando Mendoza, kutoka Cal, chuo cha California, kijana wa Miami mwenye asili ya Cuba, mrefu, futi 6 na inchi 5, mdogo wake Alberto alikuwa tayari hapa. Mwaka jana kule Cal alirusha yadi 3,004, tachidauni 16, akapokonywa 6. Ukiziweka namba zake pembeni ya za Rourke utasema tumeshuka. Mimi sioni hivyo. Kule Cal laini yake ilikuwa mbovu, aliangushwa mara nyingi mno, kila wiki unamwona anainuka na majani kwenye kofia, na bado pasi zake karibu 69 kwa kila 100 zilikuwa zinakamatwa. Mtu aliyejifunza kurusha huku watu wanamning'inia miguuni, ukimpa laini inayosimama atakufanyia mambo. Lakini rudi kwenye neno langu, ukimpa laini inayosimama.

Na hapo ndo ninapopata matumaini, maana Cignetti kwenye dirisha la usajili hakwenda kuhangaika na majina ya kung'aa tu, alinunua laini. Senta ni Pat Coogan, ametoka Notre Dame. Huyu ni yuleyule aliyekuwa senta wa Notre Dame siku ile ya tarehe 20 Desemba walipotukimbilia yadi 98, akaenda mpaka fainali ya taifa dhidi ya Ohio State mwezi Januari. Sasa anavaa nyekundu yetu. Senta ndiye anayepanga laini nzima, yeye ndo anaangalia difensi imesimamaje anawaambia wenzake nani amshike nani, kwa hiyo hujaongeza mtu mmoja tu hapo, umeongeza akili ya wote watano. Kahlil Benson alikuwa wetu akaenda Colorado mwaka mmoja, amerudi. Zen Michalski ametoka Ohio State. Na kushoto kabisa, kulinda mgongo wa kwotabeki, bado yupo Carter Smith, na huyo kwangu mimi ndiye mchezaji muhimu kuliko wote kwenye ofensi hii, hata kama jina lake hutalisikia redioni.

Marisiva nisipoteze muda, wapo na wako vizuri. Elijah Sarratt amebaki, mwaka jana yadi 957. Ana kitu kimoja nawaomba mkiangalie: anakimbia pembeni na beki amemganda, pasi inarushwa nyuma ya bega lake kabla hata hajageuka, yeye anasimama ghafla, anageuza kiwiliwili anaudaka beki keshapitiliza. Ukiona mara ya kwanza unadhani pasi imekosewa. Omar Cooper naye yupo, mtoto wa Indianapolis, huyo ni mbio. Mabeki wa kukimbiza mpira tumepoteza wawili, Justice Ellison na Ty Son Lawton, waliofunga tachidauni 22 kwa pamoja, na hilo ni pengo. Amekuja Roman Hemby kutoka Maryland, Lee Beebe kutoka UAB, na Kaelon Black yupo. Naamini Hemby atatosha ila sitaki kuapa.

Difensi nitasema sentensi moja maana sijaombwa: Aiden Fisher, Mikail Kamara na D'Angelo Ponds, wote watatu waliokuja na kocha kutoka James Madison, wamerudi, kwa hiyo huko nalala usingizi.

Kuna mama hapa mbele ameniuliza swali zuri sana, kwamba hawa vijana wanahamahama kila mwaka kama wacheza mpira wa Ulaya, je wanalipwa? Ndio mama, wanalipwa. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huu vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wenyewe moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, michezo yote kwa pamoja. Na kocha ndo usiseme, Novemba iliyopita alipewa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 72. Kuna watu hawapendi, wanasema chuo ni chuo. Mimi naona hivi, kabla ya haya Indiana ilikuwa inafungwa tu, na pesa zilikuwepo vilevile, ila zilikuwa zinakwenda kwa makocha na majengo tu. Leo kijana anayevunjika goti anapata kitu. Siwezi kulia kwa hilo.

Ratiba. Hapa ndo penye kazi. Waandishi wa AP, shirika la habari linalopanga orodha ya timu bora za nchi, wametuweka namba 20 kabla ya msimu, na wengi wanasema mwaka jana ratiba ilikuwa laini. Wana hoja. Mwaka huu tunaanza na Old Dominion, afu Kennesaw State, afu Indiana State siku ya Ijumaa tarehe 12 Septemba, zote hapa nyumbani. Tutafunga pointi nyingi na nawaomba msilewe. Hizo mechi tatu hazitatuambia chochote kuhusu laini. Nyie angalieni tu kama Mendoza nguo zake zinatoka safi.

Tarehe 20 Septemba wanakuja Illinois, na hii ndo mechi ya kwanza ya ukweli. Hawa mwaka jana walishinda 10, kwotabeki wao Luke Altmyer amerudi, na AP wamewaweka namba 12. Ni usiku, nyumbani, na nawaomba safari hii msiondoke mapumziko. Wiki inayofuata Iowa, kwao. Iowa ya Kirk Ferentz haijawahi kuwa na haraka, wanakukaba shingo taratibu mpaka unakosea mwenyewe. Tarehe 11 Oktoba Oregon, kwao Eugene, mabingwa wa Big Ten, kelele za uwanja ule hata senta hasikii kwotabeki anasema nini. Oktoba 25 wanakuja UCLA, na mratibu wao wa ofensi ni Tino Sunseri, ambaye mwaka jana alikuwa hapa hapa akifundisha makwotabeki wetu, kwa hiyo anajua mambo yetu ya ndani.

Na tarehe 8 Novemba, Penn State. Namba 2 kwenye orodha ya AP. Mechi ni kwao State College, na mpaka sasa Indiana haijawahi kushinda ndani ya uwanja ule, haijawahi hata mara moja. Halafu msikie na hili: difensi ya Penn State mwaka huu inaongozwa na Jim Knowles, na Jim Knowles ndiye aliyekuwa anaongoza difensi ya Ohio State siku ile ya Columbus. Yule yule aliyempa Rourke yadi 68. Ana kanda nzima ya jinsi ya kutuzima, anajua alipita wapi, na atapita hapo hapo tena. Kwa hiyo siku hiyo tutajua kama Coogan na wenzake walisajiliwa kwa faida au la.

Kijana mmoja ananiuliza tutafunga 41 tena? Sidhani. Nafikiri tutakuwa 35, 36 hivi, kwa sababu ratiba ni ngumu zaidi. Lakini naamini hii ofensi ni bora kuliko ya mwaka jana, na najua inasikika ajabu, pointi pungufu afu unasema bora. Ya mwaka jana ilikuwa inaua wadogo. Hii naona imejengwa kwa ajili ya mechi tatu, nne za mwaka ambazo mpinzani ni mkubwa kuliko wewe, jaribio la tatu, yadi 2, mvua, robo ya nne, kila mtu uwanjani anajua unakimbiza mpira na bado unapata zile yadi 2. Mwaka jana hatukuwa nazo hizo yadi 2.

Utabiri wangu ushindi 10, vipigo 2. Naona tunafungwa Eugene, na State College itakuwa vita lakini sitoi ahadi. Illinois tunamchukua nyumbani. Iowa ndiyo inayoninyima usingizi, nikiangalia ratiba jicho langu linakwenda hapo kabla ya kwingine. Wale mnaofanya kazi za zamu, tarehe 27 Septemba mkiona robo ya nne pale Iowa City tunaongoza kwa pointi chache, mpira tunao sisi, na laini inasukuma mpaka saa inakwisha bila Iowa kuugusa tena, asubuhi yake nendeni kwa mabosi wenu muombe ruhusa ya tarehe 19 na 20 Desemba, maana hapo ndo raundi ya kwanza ya pleiofu inapochezwa, na timu namba 5 mpaka 8 zinacheza nyumbani kwao.